Mwongeli na Kisigino cha Baba Simiyu

Mimi nina mdomo, na hilo nalikubali mapema kabla hujaambiwa na majirani. Mtu akinikanyaga sokoni hurudi nyumbani akijua amemkanyaga nani. Basi nikikwambia kuna mwanamke mmoja Buruburu niliyemfokea hadi mbwa wa nyumba ya pili akanyamaza, kisha papo hapo nikamwomba msamaha mwenyewe, ujue hilo si jambo dogo. Mimi kuomba msamaha! Muulize mume wangu mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mwanamke huyo anaitwa Mwongeli. Karakana yake iko Phase Three, chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, ambacho zamani kilikuwa saluni. Kioo kikubwa bado kiko ukutani. Nilimfahamu kwa sababu ya kunde. Mimi Muhonja, mama yake Simiyu, huuza mboga za kienyeji mlango kwa mlango: mrenda, managu, mitoo na kunde, na Mwongeli ni mteja wangu wa Jumanne na Ijumaa. Hujadiliani naye bei. Anachukua fungu, anakuuliza hali ya watoto, anarudi kwenye mashine yake huku akimung'unya mabuyu. Midomo myekundu saa zote, mwanamke wa miaka thelathini na saba!

Akina mama wa mtaa huuliza kama ataolewa na hiyo mashine. Yeye hucheka tu. "Angalau hii nikiizima inazimika," huwajibu.

Mashine yenyewe ni printa, lakini si ya karatasi. Inachapa vitu. Watu humletea gia ya blenda iliyokatika meno, gurudumu la kigari cha mtoto, kishikio cha mlango wa friji, naye anachora kwenye kompyuta na mashine inatoa kingine. Mzee mmoja alimletea meno yake ya bandia kwenye kikombe. Mwongeli alimrudishia kikombe chake kwa heshima na kumwelekeza kwa daktari wa meno.

Siku ya kwanza nilipoiona ikifanya kazi niliweka kikapu chini. Ina midomo miwili. Mmoja unatema nailoni iliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, polepole hadi usingizi ukushike. Mdomo wa pili unalaza uzi mweusi wa kaboni ndani ya ile nailoni. Uzi huo haukatwikatwi vipande. Unakwenda mzima mzima, unazunguka, unarudi, hadi tabaka limalizike, ndipo kisu kidogo kinaukata.

"Wa nini huo uzi?" nikauliza.

"Plastiki peke yake ni simiti bila nondo, Mama Simiyu. Uzi huu ndio nondo."

Hapo nilielewa. Ukizaliwa na baba aliyejenga nyumba za watu Mbale, nondo unazijua.

Yeye amezaliwa na baba mchonga vinyago. Mzee Matheka alichonga swala na twiga Pumwani, na Mwongeli akiwa msichana wa shule ya msingi ndiye aliyewapiga msasa. Aliniambia kwamba shida ya swala ni miguu. Ni myembamba, na ukichonga kigogo bila kuangalia nyuzi za mti zinaelekea wapi, mguu unakatika hata kabla ya mzungu kulipa. Baba yake alikuwa anageuza kigogo mara kumi, analamba kidole, anapitisha juu ya mti, hadi apate nyuzi zikishuka na mguu kutoka paja hadi kwato. Baadaye Mwongeli alisomea mitambo, akafanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha mabeseni akirekebisha mashine, na miaka yote hiyo, anasema, alikuwa akitazama plastiki ikipasuka na kujiuliza nyuzi zake ziko wapi. Alipopata printa hii kuukuu, aliacha kiwanda Ijumaa, na Jumatatu alikuwa amefagia nywele zote za saluni.

Sasa nikuambie kuhusu mume wangu.

Mukhwana alikuwa hamali soko la Muthurwa. Gunia la kabichi alikuwa akilibeba huku anapiga mluzi. Lakini kubeba kabichi ilikuwa kazi tu. Mwenyewe hasa alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ya kanisa letu hapa Makadara, ile ngoma inayofungwa kifuani kwa mkanda na kukufunika tumbo lote. Kwetu ngoma hiyo haipigwi kwa mikono peke yake. Mpigaji anapiga kisigino cha kushoto chini pamoja na ngoma, du! du!, ili hata akina nyanya walio mwisho wa msafara, wasiosikia vizuri, waipate kwa nyayo. Mukhwana akipiga, unaisikia kwenye meno. Mimi nilimpendea hiyo ngoma, nisikudanganye. Sura Mungu alimpa ya kawaida.

Kisha lori likarudi nyuma pale sokoni bila dereva kuangalia, likamsaga mguu wa kushoto. Ukakatwa chini ya goti.

Hospitali walimpa mguu wa bandia, na ile sehemu ya juu inayovaliwa ilikuwa nzuri. Wayo wake wa mpira ndio ulipasuka kabla mwaka haujaisha. Mukhwana akarudi kwenye magongo. Akawa anakaa Muthurwa akichambua vitunguu, anarudi nyumbani, anakula, analala. Mluzi ukaisha. Ngoma ikapewa Kim, karani mmoja mpole, mtoto wa watu, ambaye anaipiga kama anabisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Opicho, kiongozi wa bendi, alituambia wazi: maandamano ya kuadhimisha miaka ya kanisa ni mwezi wa nane. Mukhwana akiweza kubeba ngoma siku hiyo, ni yake. Asipoweza, mkanda utapunguzwa utoshee kifua cha Kim, na mambo yataishia hapo.

Usiku huo mume wangu hakula.

Nami nilifanya nini? Nilimwambia asahau ngoma. Ndiyo, mimi. Niliogopa. Nilikuwa nimeshamwona chini mara moja, damu kwenye kabichi, na sikutaka kumwona chini tena mbele ya kanisa zima. Nikamwambia, "Baba Simiyu, Mungu amekuachia uhai, na wewe unadai ngoma?"

Lakini wayo nilimtafutia. Nilimweleza Mwongeli, naye akasema nimlete. Basi tukaenda, mume wangu amevaa shati la Jumapili na tai. Tai! Kwenda kwa fundi!

Kosa lilianzia mlangoni. Mukhwana aliona koti jeupe la kukinga vumbi ambalo Mwongeli huvaa, akaona kompyuta, akaona kifaa cha kupimia, akavua kofia. "Shikamoo, daktari."

"Mimi si daktari, Baba Simiyu. Ni fundi."

"Ndiyo, daktari."

Mwongeli akauliza wayo ni wa kufanyia nini. Nikamjibu mimi kabla mwenye mguu hajafungua mdomo. "Wa kutembea tu, fundi. Nyumbani, sokoni, kanisani." Mwombaji hachagui, nilijiambia; tutamwambiaje msichana wa watu kwamba mtu hana wayo lakini anataka kupiga gwaride? Mukhwana akanitazama, akatazama sakafu.

Kisha akaambiwa atembee mbele ya kile kioo cha saluni, kwa wayo wa kujaribia aliofungiwa na Mwongeli. Ndugu yangu, ungemwona! Mikono nyuma, hatua ndogo ndogo, polepole, kama anapita mbele ya jeneza la chifu.

"Unaumia mahali?"

"La, daktari. Naendelea vizuri."

"Kisigino kiko sawa?"

"Sawa kabisa, daktari. Asante."

Mwongeli akaandika alichokiona. Angefanya nini? Mtu anayetembea hivyo hukanyagia mbele, basi nyuzi nyingi akazipeleka mbele, penye vidole, na kisigino akakipa chache. Wayo ukatoka mweusi, mwepesi, unapinda na kurudi. Mukhwana akatupa magongo. Nilimbusu Mwongeli mashavu yote mawili, nikamwachia kunde za wiki nzima.

Wiki tatu zikapita. Kila Alhamisi jioni mume wangu alikuwa anakwenda "kikao cha wazee". Nilifurahi kwamba ametoka nyumbani. Alhamisi ya tatu nikaona watu wawili wanamleta wamemshika makwapa, Opicho upande huu, Kim upande ule, na wayo uko mkononi mwa Kim, kisigino kimepasuka vipande viwili.

Nilishika ule wayo, nikautupa kwenye kikapu juu ya mrenda, nikaondoka Makadara hadi Buruburu kwa miguu, na hasira inaniongoza njia. Sijui nilivukaje Jogoo Road.

"Fundi gani wewe!" nilianzia langoni. "Umemtengenezea mtu mguu au biskuti? Angevunjika shingo! Ningekuja na jeneza ningekukuta hapa na mabuyu yako!"

Shangazi yake akachungulia dirishani. Mwongeli alitoa wayo kwenye kikapu, akaupangusa mrenda, akaupeleka penye mwanga na kuutazama kwa lenzi ndogo kwa muda mrefu, hata nikaishiwa matusi nikaanza kurudia yale ya mwanzo.

"Mathe, mama yangu, tulia kwanza," akasema. "Huyu mtu anakifanyia nini kisigino?"

"Anatembea! Ulitaka akipike?"

"Kutembea hakuvunji hapa. Angalia." Akanionyesha. Nyuzi za mbele zote zilikuwa nzima. Nyuma, zile chache zilikuwa zimekatika zote mahali pamoja, karibu na tundu la bolti. "Hiki kimegongwa. Mara nyingi, na mtu mzito kuliko yule niliyempima."

"Mume wangu hagongi kitu! Naapa mbele za Mungu!"

"Usiape, Mama Simiyu."

Ilikuwa sauti ya Mukhwana. Alikuwa amekuja nyuma yangu kwa magongo, Kim akimsindikiza, wote wawili wakihema. Akavua kofia. Akasema kikao cha wazee hakikuwapo. Alikuwa akienda mazoezini, akifunga ngoma kifuani, akipiga kisigino. Akasema anajua nilimkataza. "Lakini nikiwa na ile ngoma, Muhonja, mimi ni mzima. Nikiivua, mimi ni mtu aliyekatwa mguu."

Nilitaka kumkaripia, jina hilo likanizuia. Hakuwa ameniita Muhonja tangu Simiyu azaliwe. Nikaona jinsi nilivyokuwa nimemkalisha kwenye vitunguu kwa mikono yangu mwenyewe, nikisema ni upendo. Nikalia, tena kwa sauti. Kim maskini hakujua atazame wapi, akatazama printa.

Nilipomaliza nikamgeukia Mwongeli. "Nisamehe. Ulinyimwa ukweli, na aliyekunyima ni mimi." Akanipa mabuyu. Ni machachu hayo, lakini nilikula.

Kisha Mwongeli akavua lile koti jeupe, akalitupa kwenye kiti, akabaki na fulana yenye tundu begani. "Baba Simiyu, nikuulize. Ukimpelekea fundi viatu kiatu kinachokubana, unamwambiaje?"

"Namwambia ameharibu kiatu changu."

"Na daktari akikuuliza hali?"

Mukhwana akafikiri. "Naendelea vizuri."

"Hata kama?"

"Hata kama nakufa."

Tukaangua kicheko, hata shangazi kule dirishani. Ni kweli, sisi tuko hivyo. Daktari amesoma, amevaa nyeupe, unamwonea haya kumpa habari mbaya. Lakini fundi! Fundi tumezaliwa tukigombana naye. Hakuna suti iliyoshonwa Nairobi hii bila ugomvi.

"Basi," akasema Mwongeli, "mimi ni fundi wako na nimeharibu kazi. Nigombeze."

Mukhwana alianza kidogo kidogo. Akasema vidole ni virefu kidogo. Akasema wayo unavuta upande wa nje anapogeuka kona. Akasema kisigino ni kigumu upande mmoja na kinaserereka penye changarawe, na kwamba mtu mwenye macho angeona. Kisha sauti ikapanda, mkono ukapanda, akasema rangi pia haipendi, na kwamba hata mpira wa hospitali ulikuwa na adabu zaidi! Mwongeli aliandika kurasa mbili huku uso unang'aa. Ilikuwa miaka sijamsikia mume wangu akilalamika vizuri hivyo.

Alhamisi iliyofuata Mwongeli alikwenda mazoezini mwenyewe. Walimfungia Mukhwana wayo wa zamani wa kujaribia kwa mikanda, akapiga hatua kumi tu na ngoma kifuani, Mwongeli amelala kifudifudi kwenye majani ya kanisa akipiga picha za video za kisigino. Waumini walidhani ameanguka kwa Roho. Ngoma yenyewe akaipandisha kwenye mizani ya muuza viazi: kilo kumi na moja, ambazo hatukumwambia.

Zikabaki siku tisa.

Alibadili kila kitu. Zamani alikuwa ameuchapa wayo umelala chali; safari hii aliulaza ubavu, ili uzi mmoja uweze kutoka kidoleni, upite unyayoni, uzunguke kisigino, upande hadi kwenye tundu la bolti, ulizunguke na kurudi, bila kukatwa njiani. Alinionyesha kwenye kompyuta, mstari mweusi ukikimbia raundi baada ya raundi. Wayo wa kwanza aliupeleka barazani, akaupiga nyundo kisiginoni mara mia mbili, akausikiliza kwa sikio, akasikia ufa, akautupa. Wa pili, stima ilipotea ukiwa nusu, ukaharibika. Wa tatu aliuanza Ijumaa, na mimi nikapita Jumamosi asubuhi na kunde, ingawa si siku yake, nikamkuta ameketi mbele ya mashine akiiombea. Aliyekuwa haendi hata kanisani!

Jumamosi saa kumi jioni Mukhwana aliuvaa. Akatembea. Akapiga kisigino kwenye sakafu ya saluni. Kioo kikatikisika.

"Vipi?" akauliza Mwongeli.

"Upande wa ndani unanibana," akasema mume wangu. Mwongeli akachukua tupa, akasugua, akampa tena. "Bado." Akasugua. "Hapo." Akasema hapo tu, lakini aliushika mkono wa Mwongeli kwa mikono miwili, na hakuuachia haraka.

Jumapili ya maandamano ikafika. Opicho, kwa wema wake, alikuwa amefupisha njia. Badala ya kuzunguka mtaa mzima kama miaka yote, msafara ungefika kona karibu na mahakama ya Makadara, ugeuke, urudi kanisani. "Tusimchoshe mzee wetu," alisema. Nami nikaona hilo halitoshi, nikabeba kiti cha plastiki kutoka nyumbani nikaenda kukiweka pale konani, na chupa ya maji chini yake, ili Mukhwana aketi apumzike kabla ya kugeuka. Mwongeli alisimama kando yangu. Alikuwa amevaa gauni.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Du! Nyayo zangu ziliipata kwanza. Du! Kisha bendera ikatokea, kisha Opicho na fimbo yake, kisha tarumbeta, na katikati yao tumbo la ngoma, na juu ya ngoma uso wa mume wangu, jasho linatiririka. Wayo ulipanda, kisigino kikashuka. Mwongeli alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Kisigino kikashuka tena, na tena, na tena.

Wakafika konani. Opicho akageuka kama walivyopatana, fimbo juu, akaanza kurudi. Nikainua chupa. Nikaita, "Baba Simiyu, kiti!"

Alinitazama. Akaniona mimi, akakiona kiti, akacheka meno yote nje. Na hakugeuka. Alipiga ngoma na kwenda mbele moja kwa moja, njia ndefu ya zamani, na bendi ikasitasita mara moja tu, kwa sababu bendi haifuati fimbo, bendi hufuata ngoma. Tarumbeta zikamfuata, kwaya ikamfuata, Kim akamfuata akipiga matari, akina nyanya wakamfuata wakipiga vigelegele. Opicho aliangalia nyuma akajikuta peke yake, ikabidi akimbie kuwawahi, fimbo mkononi na kofia inataka kuanguka.

Mwongeli alikuwa amesahau gauni lake, anakimbia kando ya msafara akiinama kutazama kisigino, akipiga kelele, "Kinashika! Mama Simiyu, kinashika!"

Nilitaka kuwafuata. Miguu yangu mwenyewe, mizima yote miwili, ikakataa. Basi nikakalia kile kiti, nikanywa yale maji.